Uzi: Mlo wa jioni wa haraka, wa gharama nafuu na wenye lishe kwa familia nzima. Tupeane uzoefu

Mama Kimara (mleta uzi)

Habari za jioni, wadau. Uzi huu ni kwa ajili ya sisi tunaotoka kazini jua likizama, tunaokaa kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro, na tunaofika nyumbani saa moja usiku na kuwakuta watoto wameshaoga na wanauliza kuna nini leo. Nyumbani kwangu tuko watu sita, akiwamo mama mkwe ambaye ana kisukari na mtoto wa miaka minne ambaye hataki kuona kitu chochote cha kijani kwenye sahani yake, na uwezo wetu hauruhusu nyama ya ng'ombe zaidi ya mara moja kwa wiki. Ningependa tujadili chakula cha usiku cha siku za kazi, si pilau la Jumapili, kwa masharti matatu: kiive upesi, ndani ya dakika arobaini hivi, kisimuumize mtu wa kipato cha kawaida, na kiwe chakula ambacho kila aliyeketi mkekani atakila bila kubembelezwa.

Hoja yangu ni kwamba kinachotuchelewesha jioni si upishi wenyewe. Ni kazi mbili tu: kuivisha maharage na jamii yake, ambayo hutaka saa nzima au mbili za moto, na kuchambua mboga za majani, ambako hutaka mtu akae chini na atulie. Ugali hauchelewi, wali hauchelewi, na mchicha ukishachambuliwa na kuoshwa unaiva kwa dakika tano. Kwa hiyo sikusanyi mapishi mapya ya haraka. Ninachofanya ni kuziondoa kazi hizo mbili katika saa ya jioni na kuzipeleka wakati mwingine.

Maharage ninayaloweka Jumamosi usiku, kilo moja, baada ya kuyapepeta na kuondoa mawe. Asubuhi namwaga maji yale, natia mapya na kuyachemsha bila nyanya wala ndimu, kwa sababu ukali wake huyachelewesha kulainika na moto ukaliwa bure. Kilo moja ya maharage makavu hutoa takriban kilo mbili na nusu yaliyoiva, nami nayagawa katika makopo matatu yenye mifuniko, moja la friji na mawili ya friza. Wakati yanachemka natengeneza rojo ya vitunguu, nyanya, karoti na kitunguu saumu, naikaanga mpaka maji yakauke na mafuta yaanze kujitenga, kisha naihifadhi kwenye chupa ya kioo. Rojo hiyo hukaa vizuri kwenye friji siku tatu au nne, na ndiyo mama wa mboga zote za wiki.

Mboga za majani ninazinunua jioni njiani, lakini kwa muuzaji ambaye tumezoeana na ambaye hunichambulia matembele au majani ya maboga wakati anasubiri wateja, kwa kuongeza kidogo sana juu ya bei ya fungu. Naziosha kabla ya kuzikata, si baada, kwa sababu ukikata kwanza halafu ukaosha, vitamini zinakwenda na maji.

Nikifika nyumbani naanza kwa kubandika maji ya ugali, na jiko la pili linapokea rojo. Jumatatu rojo inapata maharage na tui jepesi. Siku nyingine inapata dagaa, na hapa naomba nieleze kwa kirefu, kwa sababu naona watu wengi wanawadharau dagaa kutokana na namna wanavyopikwa. Waondoe vichwa, waloweke kwenye maji ya moto dakika chache ili mchanga utulie chini, wachote kwa mkono badala ya kumimina, kisha wakaange wakavu kwenye kikaango bila mafuta mpaka harufu yake ibadilike. Baada ya hapo ndipo unatia kijiko kimoja cha mafuta, kitunguu kingi, pilipili hoho, rojo, na nyanya chungu zilizokatwa vipande vinne. Kamulia ndimu mwishoni kabisa. Dagaa anayeliwa mzima na mifupa yake anakupa protini na madini ya chokaa kwa wakati mmoja, jambo ambalo kipande cha nyama hakiwezi.

Chakula kinachopendwa kuliko vyote hapa kwetu, hata hivyo, ni mchuzi wa mayai. Viazi na mayai nachemsha katika sufuria moja, mayai yakitangulia kutoka; namenya, nakata viazi, natia kwenye rojo pamoja na binzari na tui, na baada ya dakika kumi kinaliwa na wali au chapati zilizobaki. Yai moja kwa kila mtu linatosha, na trei moja hukaa wiki nzima.

Nawakaribisha. Nyumbani kwenu mnafanyaje?

Baba wa Mbagala

Mada ni nzuri, dada, na hoja yako ya kuhamisha kazi naikubali. Tatizo ni kwamba nusu ya mpango wako umesimama juu ya friji, na sisi wengine hatuna, au tunayo lakini umeme wenyewe ni wa luku na tunaihesabu kila siku. Kwa joto la Dar es Salaam, maharage yaliyochemshwa Jumapili asubuhi yakibaki mezani yanatoa povu kabla ya jua la Jumatatu.

Mimi ndiye ninayepika jioni, kwa kuwa mke wangu hufunga duka saa mbili usiku, na utaratibu wangu ni huu. Maharage nayaloweka alfajiri kabla ya kuondoka, kiasi cha siku ile tu, na mtoto mkubwa akirudi shuleni mchana huyabadilishia maji ili yasichache. Jioni nayatia kwenye presha kuka, na kwa kuwa yamekwisha kunywa maji, tangu presha ipige filimbi hadi kuiva hayazidi dakika ishirini. Presha kuka niliinunua kwa kuchangishana kwenye kikundi chetu, na katika vyombo vyote vya jikoni sijaona kilichorudisha fedha yake upesi kama hicho, kwa maana mtungi wa gesi wa kilo 6 sasa unafika mbali zaidi.

Siku ambayo hakuna aliyekumbuka kuloweka, napika choroko. Choroko hazihitaji kulowekwa, zinaiva kwa nusu saa au zaidi kidogo hata kwenye sufuria ya kawaida, na hazimtii mtu gesi tumboni kama maharage. Kwa asiye na friji, nashauri stoo yake iwe na vitu vitatu visivyoharibika upesi: choroko, dagaa wakavu na mayai. Hivyo vitatu pamoja na fungu la mboga la siku ile vinatosha wiki.

Kijana wa Geto

Mimi naishi na wadogo zangu wawili na tunatumia chupa ya chai kupikia. Ninachemsha maji, namimina juu ya choroko au mchele ndani ya chupa, nafunga, na baada ya muda chakula kiko tayari bila kuunguza gesi yoyote. Maharage nayo nayafanya hivyo hivyo, namimina maji ya moto usiku na asubuhi yamelainika. Sijui kwa nini watu hawatumii njia hii.

Afisa Lishe (mstaafu)

Nimefuatilia mjadala huu kwa furaha, lakini nilazimike kumzuia kidogo kijana wangu hapo juu, kwa sababu anagusa jambo la usalama.

Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili iitwayo lektini, ambayo huharibiwa na mchemko wa kweli na si na maji ya moto pekee. Maharage mabichi machache tu yanatosha kumfanya mtu atapike na kuharisha ndani ya saa chache. Kibaya zaidi, yakipikwa kwa joto la chini, chini ya kiwango cha kuchemka, madhara yake yanaweza kuzidi ya maharage mabichi, hata kama yameonekana laini mdomoni. Kanuni ni kuyaloweka saa tano au zaidi, kumwaga maji hayo, kisha kuyachemsha kwa maji mapya na moto mkali. Dakika kumi za mchemko ndicho kiwango cha chini, na wataalamu wa chakula wa Marekani hushauri thelathini. Ukishafanya hivyo, unaweza kuihamishia sufuria ikiwa bado inatokota ndani ya kapu lililojazwa vitambaa au makapi, ukaifunika vizuri na kuiacha imalize kuiva yenyewe bila moto. Kapu la namna hiyo linafanya kazi ile ile anayoitaka kijana, na kila mtu anaweza kulitengeneza. Chupa ya chai iachiwe mchele na choroko.

Jambo la pili ni magadi. Najua wengi tunatia magadi kwenye maharage, kunde na kisamvu ili vilainike upesi. Yanalainisha kweli, lakini yanaua vitamini B1 na yanaongeza sodiamu kwa mtu ambaye pengine tayari ana shinikizo la damu. Kuloweka kunafanya kazi hiyo hiyo bila gharama hizo.

La tatu ni chai. Familia nyingi hunywa chai ya rangi pamoja na chakula cha usiku au mara tu baada yake. Madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga za majani hufyonzwa kwa shida hata bila kusumbuliwa, na chai huyazuia zaidi. Ndimu, nyanya mbichi, pilipili hoho, chungwa au embe kwenye mlo huo huo hufanya kinyume chake, yaani vitamini C huyasaidia yafyonzwe. Kwa hiyo kachumbari si pambo la sahani. Chai isubiri saa moja hivi baada ya kula, na kwa mama mjamzito na watoto wadogo ningesisitiza zaidi.

Mwisho, nimeona watu wanataja ugali bila kutaja unga. Dona ina nyuzinyuzi na vitamini ambazo sembe imezipoteza kinuni, na mahindi na maharage hukamilishana, kwa sababu kile ambacho protini ya mahindi inakosa, maharage wanacho. Lakini dona haivumilii kukaa. Kiini cha hindi kina mafuta na unga huchacha, basi sagisha kidogo kidogo. Na mahindi au karanga zenye ukungu zisiliwe hata kama zimeoshwa, maana sumukuvu haiondoki kwa mapishi ya kawaida. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sababu hiyo.

Kijana wa Geto

Asante sana, mzee. Shikamoo. Nilikuwa najiuliza kwa nini mdogo wangu huumwa tumbo siku za maharage peke yake. Nitatengeneza hilo kapu.

Bibi wa Singida

Wajukuu zangu, mmeandika sana habari za maharage na hakuna hata mmoja aliyetaja mlenda, ambao ndio mboga ya mtu mwenye haraka tangu zamani. Mlenda hauhitaji kitunguu wala mafuta. Unachemsha maji kidogo, unatia nyanya moja iliyokatwa, unatia mlenda wenyewe, mbichi au wa unga uliokaushwa, unakoroga, na kabla ugali haujasongwa mboga imeiva. Ukitaka uwe chakula cha kushibisha, ongeza karanga zilizosagwa vijiko viwili vitatu na uache vichemke pamoja polepole, huku ukikoroga ili karanga zisishike chini. Hapo mtoto na mzee wasio na meno wote wanakula.

Kwa huyo baba asiye na friji, mboga kavu ndiyo friji yetu sisi watu wa kati. Majani ya kunde yanachemshwa kidogo, yanaanikwa kivulini mpaka yakauke, na yanakaa miezi. Unaponunua, nusa, yakinuka uvundo, rudisha. Ukipika na karanga, hayana mwenzake, na mfuko mdogo unalisha nyumba siku nyingi. Hata hivyo nyama yake ni karanga, basi usitie majani matupu ukasema umekula.

Msomaji wa Kisumu

Hamjambo ndugu zetu wa Tanzania. Huku kwetu dagaa mnaowazungumzia tunawaita omena, nao ndio wanaotuokoa mwisho wa mwezi. Nakubaliana na mleta mada kuhusu kuwakaanga wakavu kwanza, ila ningeongeza jambo moja ambalo mama yangu hulifanya: baada ya kuwakaanga, huwamwagia maziwa badala ya tui, akaacha yachemke kidogo mpaka yashike. Uchungu wote unaondoka na watoto wanamaliza.

Sukuma wiki nayo watu wengi huiua kwa kuichemsha mpaka ibadilike rangi kabisa, kisha huimwaga maji. Ikatwe nyembamba, itiwe kwenye kitunguu na nyanya zilizokwisha kuiva, igeuzwe mara mbili tatu na iondolewe ingali kijani. Kwa nyumba yangu ya watu watano, githeri, yaani mahindi na maharage yaliyopikwa pamoja, huchemshwa mara moja mwishoni mwa juma, na siku tunayochelewa tunaikaanga tu na sukuma wiki ndani yake, ikawa chakula kizima katika sufuria moja. Mahindi mabichi yakiwa sokoni huwa tamu zaidi na huiva upesi.

Dada wa Bukoba

Sufuria moja imetajwa na ndizi hazijatajwa! Naomba niseme kwa niaba ya Wahaya wote waliomo humu. Ndizi na maharage ni mlo kamili usiohitaji ugali wala wali pembeni. Ukiwa na lile kopo la maharage yaliyoiva la Mama Kimara, unamenya ndizi, unazipanga juu ya maharage pamoja na supu yake, unaweka kitunguu, nyanya na nyanya chungu juu, unafunika na kuacha moto wa wastani kwa dakika ishirini na tano au thelathini. Usikoroge koroge, ndizi zitavunjika. Ukiwa na dagaa, wachache waliooshwa vizuri wakiwekwa juu dakika kumi za mwisho wanabadilisha chungu chote. Mafuta ni kijiko kimoja, na wengine hatutii kabisa.

Mijini tatizo ni bei ya mkungu, nakubali. Lakini sokoni Mabibo ndizi zilizochanguka huuzwa kwa fungu na kwa bei ya chini sana kuliko mkungu mzima, na zikimenywa hakuna anayejua zilitoka wapi.

Mgonjwa wa Presha, Tabata

Mimi naomba msaada wa namna ya kupika chungu kimoja kwa watu tofauti. Daktari amenipunguzia chumvi, mke wangu anataka chakula chenye ladha, na mtoto wetu wa mwaka mmoja na nusu amekwisha kuanza kula chakula cha nyumba. Kupika mara tatu jioni moja hatuwezi.

Mama Kimara (mleta uzi)

Pole sana, ndugu. Mimi napika kwa mtindo wa kugawa njiani. Mboga inapikwa mpaka inakaribia kuiva bila chumvi na bila pilipili, lakini ikiwa na vitunguu vingi, kitunguu saumu, tangawizi na binzari, kwa sababu ladha nyingi tunayodhani ni ya chumvi kwa kweli ni ya kitunguu kilichokaangwa vizuri. Hapo namchotea mtoto sehemu yake na kuiponda, namchotea mama mkwe yake, kisha ndipo natia chumvi kwenye sufuria iliyobaki. Ndimu na ukwaju vinasaidia sana, maana ulimi ukipata ukali hauulizi sana habari ya chumvi.

Kitu ambacho ningekuomba ukitoe jikoni kabisa ni vile vidonge na unga wa viungo vya paketi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai, na watu wengi wanaotia vidonge hivyo hutia na chumvi ya kawaida juu yake pasipo kufikiri kwamba navyo ni chumvi.

Kwa mama mkwe, ambaye sukari yake ndiyo shida, sikubadilisha chakula, nilibadilisha vipimo. Sahani yake inaanza na mboga za majani nusu nzima, maharage au samaki robo, na ugali wa dona robo iliyobaki. Mwanzoni alilalamika kwamba namnyima ugali, sasa analalamika mboga zikipungua.

Baba wa Mbagala

Hapo kwenye vidonge vya paketi nitakupinga kidogo, dada. Kwa mtu ambaye hana hela ya nyanya na karoti kila siku, kidonge kimoja ndicho kinachofanya watoto wale mboga ya majani badala ya kula ugali mtupu. Ukikitumia kwa kipimo na ukaacha chumvi nyingine, sioni kosa. Tusiwahukumu watu kwa vitu vya shilingi mia.

Afisa Lishe (mstaafu)

Baba wa Mbagala ana haki kwa sharti alilolisema mwenyewe, yaani kidonge kiwe badala ya chumvi. Sharti hilo ndilo ambalo katika nyumba nyingi nilizopita halitimizwi. Nikumbushe pia kwamba chumvi itakayotumika iwe ile yenye madini joto, itiwe mwishoni mwa mapishi, na kopo lake lifunikwe.

Mama Wawili, Mwanakwerekwe

Assalaam alaykum. Mimi niko Unguja, na swali la watoto wasiotaka majani limenigusa, kwa kuwa wangu walikuwa hivyo hivyo. Kilichosaidia ni kuwapa rangi nyingine kwanza. Viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa ndani, nilikuwa nikivipika kwa tui na iliki kidogo, navyo wakavila kama halua. Vina vitamini A nyingi mno. Kiazi kidogo cha gramu 125 kinamtosheleza mtoto mdogo kwa siku, na yale mafuta ya tui yanasaidia mwili uipate. Boga nalo ni hivyo hivyo. Walipozoea mboga kuwa ni kitu kitamu, mchicha nikaanza kuutia ndani ya mchuzi wa choroko za nazi, umekatwa mdogo kabisa, halafu kidogo kidogo nikawa naukata mkubwa.

Kwa samaki, wa bei nafuu kwetu ni dagaa mchele na vibua. Vibua nawapaka ndimu, chumvi chache, kitunguu saumu na pilipili manga, nawapanga kwenye kikaango chenye mafuta kijiko kimoja tu, nafunika, nageuza mara moja. Hawazidi robo saa. Kukaanga samaki ndani ya karai la mafuta kwa ajili ya watu wanne ni kuteketeza mafuta ambayo yangepika siku tatu, na mafuta hayo baadaye hutumiwa tena na tena mpaka yageuke meusi, jambo ambalo si zuri.

Kijana wa Geto

Naomba kuuliza kuhusu kiporo. Sisi tukipika wali usiku tunapika na wa asubuhi, unalala kwenye sufuria. Je, hilo nalo lina tatizo?

Afisa Lishe (mstaafu)

Lina tatizo kwa wali kuliko kwa ugali. Kuna bakteria ambao mbegu zake hazifi mchele unapopikwa, na wali ukibaki wa vuguvugu kwa saa nyingi mbegu hizo huamka, huzaliana na kutoa sumu ambayo kupasha moto asubuhi hakuiondoi. Ndiyo maana mtu anapasha kiporo mpaka kinatoa moshi na bado anatapika saa mbili baadaye. Mwenye friji autandaze wali kwenye sinia upoe upesi, kisha auingize ndani mapema, usilale nje. Asiye na friji apike wa kuliwa usiku ule ule, na asubuhi achemshe viazi vitamu, mihogo au mayai.

Mpishi wa Mkaa, Gongo la Mboto

Wengi wenu mna gesi. Mimi bado natumia mkaa, na moto mmoja unanichukua robo saa kuukoleza kabla sijabandika chochote. Hizo dakika arobaini kwangu ni hadithi. Je, mnanishauri nihamie gesi au nibaki?

Mama Kimara (mleta uzi)

Serikali imejiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia, lakini najua lengo halijazi mtungi. Nikuambie tulivyofanya sisi kabla hatujaacha mkaa kabisa. Tulinunua mtungi mdogo wa kilo 6 wenye jiko la juu yake, na tukautumia kwa vitu vya muda mfupi pekee: mboga za majani, mayai, dagaa, na kuchemsha maji ya ugali. Mkaa ukabaki kwa ajili ya maharage ya Jumapili, ambayo hata hivyo yanaiva mara moja kwa wiki nzima, na moto wake ukimaliza maharage tunachomea viazi na kuchemshia maji ya kuoga. Kwa mgawanyo huo gesi haiishi upesi, na jioni ya siku ya kazi hupotezi muda kupepea jiko.

Kama mtungi hauwezekani sasa, basi panga moto mmoja ufanye kazi zote kwa mfuatano: choroko zianze wakati mkaa umekolea, sufuria yake ihamie kwenye lile kapu alilolieleza mzee wetu, ugali ufuate, na mboga za majani zimalizie kwenye makaa yaliyopungua nguvu, kwa kuwa zenyewe hazitaki moto mkali. Ukianza na ugali kama wengi tunavyofanya, choroko zitakukuta saa tatu.

Mpishi wa Mkaa, Gongo la Mboto

Nimekuelewa, dada. Kapu ninalo, lililokuwa la kuku. Nitalisafisha, nitalijaza matambara, na kesho naanza na choroko.

Bibi wa Singida

Lianike juani kwanza siku nzima, mjukuu wangu, usije ukatulisha viroboto.